Kiti cha Nyuma

Mtu mmoja alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa na dada, na kati ya dada hao wawili kulikuwa na chungu.

Mtu huyo aliitwa Elifadhili. Alikuwa mkadiriaji majenzi mjini Dar es Salaam, na watu walimheshimu kwa kuwa alijua kupima kila kitu kina thamani gani. Mama yake, Namkunda, aliishi naye tangu mgongo ulipomharibika. Dada mkubwa wa Namkunda, jina lake Nakijwa, alibaki milimani Upareni katika nyumba walimozaliwa. Na chungu kilikuwa cha mama yao mzazi, cha kupikia makande. Msiba wa mama yao ulipokwisha, Namkunda alikichukua bila kuuliza akashuka nacho. Nakijwa alimtolea maneno, naye Namkunda akayarudisha kama alivyoyapokea, na tangu hapo hawakula tena pamoja. Wakazeeka hivyo, mmoja mlimani na mmoja mjini, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye wa kuanza.

Mwaka mmoja moyo wa Namkunda ulilegea. Alikiosha kile chungu, akakifunga kwa khanga, akakiweka karibu na mlango wa chumba chake. Akamwambia mwanawe kwamba anataka kukirudisha kwa mikono yake mwenyewe. Simu isingefaa, kwa maana masikio ya Nakijwa yalikuwa yameshakufa; ungempigia, angeishika simu na kuitazama tu. Kumtuma mtu nacho kungekuwa tusi la pili. Yalikuwa maneno ya kusemwa kwa kushikana mikono, macho kwa macho. Lakini safari ya kutwa kwenye kiti cha basi mgongo wake usingeiweza, na hilo Elifadhili alilijua.

Basi alimwahidi. Wakati huo alikuwa amekusudia kununua gari la umeme, akamwambia mama yake kwamba safari ya kwanza ya gari hilo itakuwa ya kwenda kwa mama mkubwa. Sitaki mmwone mwongo. Alisema kweli, na alipokuwa akisema alimpenda mama yake kwa moyo wake wote. Habari zikapelekwa mlimani. Namsifu, binti wa Nakijwa, akamweleza mama yake kwa ishara kwamba mdogo wake anakuja. Nakijwa akatoa kigoda chake barazani, akaanza kukaa akitazama njia.

Kwenye yadi ya magari palikuwa na gari jeupe, lipo tayari, lina chaji. Lilikuwa la kawaida: viti vya kitambaa, rimu ndogo, buti la kufungua kwa mkono. Muuzaji alikuwa binti mmoja mkweli kuliko kazi yake ilivyotaka. Alimweleza Elifadhili kwamba liko pia lile la juu, ambalo watu huliita ful opsheni, ila hilo huagizwa na huja kwa meli. Lina viti vya ngozi vinavyolala na kumkanda mtu mgongo. Lina paa la kioo na rimu kubwa za kung'aa. Buti lake hujifungua lenyewe ukipitisha mguu chini yake. Tena ukilizima mwisho wa safari, linakukumbusha utazame kiti cha nyuma, usije ukamsahau mtu. Elifadhili alicheka sana kwa hilo la mwisho. Akauliza ni mtu gani huyo awezaye kumsahau mwenzake ndani ya gari.

Kisha akauliza kama hiyo tofauti inastahili. Binti akamjibu, "Betri ni ile ile, kaka, na mota ni ile ile. Zote zinafika." Akaongeza kwamba hilo la juu hata hufika kwa shida kidogo, maana rimu kubwa hula chaji. Hapo mwenye safari angechukua ufunguo. Elifadhili alisema anakwenda kufikiri.

Na alifikiri, jamani! Alitazama video za magari mpaka chakula kikampoa mezani. Aliuliza kazini. Mmoja alimwambia akichukua la kawaida atajuta maisha yake yote, na huyo aliyesema hivyo hakuwa hata na baiskeli. Alirudi yadini akalikalia lile jeupe, akashika usukani, akaona halina kasoro, na kutokuwa na kasoro kwake kukamsikitisha. Wiki zikapita. Barazani kule milimani kigoda kilitolewa asubuhi na kurudishwa jioni.

Mwisho alipata sababu, nayo ilikuwa mgongo wa mama. Angemsafirishaje mama mgonjwa kwenye kiti cha kitambaa ilhali kipo cha ngozi kinachokanda? Ndugu zangu, iogopeni sababu nzuri. Sababu mbaya mtu huiona ikija, akajificha au akaona haya. Sababu nzuri huingia ndani ikakaa, ukaikaribisha na chai. Maana ukweli ni kwamba usiku na mchana Elifadhili aliona picha moja tu kichwani mwake. Aliuona mwezi wa Desemba, watoto wa Upareni wamerudi nyumbani, magari yamepangwa nje ya kanisa, na wanaume wanalizunguka lake polepole, mikono nyuma. Mama yake hakuwamo katika picha hiyo.

Haikaeli, mkewe, alimwambia achukue lile lililopo, au basi akodi gari la siku mbili ampeleke mama kwanza, mengine yafuate. Elifadhili akaona huko ni kumvunjia mama heshima. Mama yake afike kwao kwa gari la kukodi, kwani yeye mwanawe amekufa? Akamaliza kwa kusema, kawia ufike. Methali ni kitu cha ajabu. Humtumikia yeyote anayeitamka.

Akaliagiza la juu. Meli ikachelewa, kisha ikafika, kisha gari likakaa bandarini likingoja makaratasi. Mwanzoni Namkunda aliuliza kila Jumapili wakitoka kanisani kama limefika. Baadaye akaacha kuuliza. Mwanawe akadhani mama ana subira. Siku moja alimletea vipande vya ngozi achague rangi ya viti. Mama akavipapasa kimoja kimoja, akasema vyote ni vizuri, akauliza kama mvua za vuli zimeshaanza huko kwao. Akainuka akaenda kukipangusa vumbi kile chungu.

Namsifu alipiga simu asubuhi ya Jumanne. Nakijwa hakuamka. Hata wakati huo, nawaambieni, mlango ulikuwa bado wazi. Magari ya kukodi yalikuwepo tele. Lakini mtu wa bandarini alimwambia Elifadhili kwamba gari linatoka kesho asubuhi, naye akaingoja hiyo kesho. Kesho yake akaambiwa kesho. Wapare hawakuweza kuiweka maiti mpaka rimu zitoke bandarini. Nakijwa alizikwa Alhamisi mchana, na gari likatoka Ijumaa.

Lilikuwa zuri. Nisilinyime haki yake. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na liliondoka bila sauti. Jumamosi alfajiri Elifadhili alimwingiza mama yake kiti cha nyuma. Kabla ya kukaa, Namkunda alikunjua kitenge chake akakitandika juu ya ngozi, kama alivyokuwa akifanya kwenye mabasi zamani. Chungu kilikuwa kwenye buti. Mwanawe akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kiti kikajilaza, kikaanza kumkanda. Wakaenda hivyo kwa muda mrefu, mpaka milima ya Usambara ikaanza kuonekana. Elifadhili akamtazama mama yake kwenye kioo, akamuuliza kama mgongo hauumi, kama kiti ni kizuri.

Namkunda akamjibu, "Mwanangu, sikuomba kiti. Niliomba kufika."

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayemrekebisha mtoto jina la mtaa. Elifadhili akashika usukani kwa mikono miwili mpaka mwisho wa lami.

Barabara ya kupanda kijijini ilikuwa imechimbwa na vuli, mawe yametoka nje. Gari dogo la jirani lilipanda mbele yao likiyumba, likaenda zake. Elifadhili alisimamisha. Yale matairi ya rimu kubwa yana ubavu mwembamba, na jiwe moja tu lingetosha kuzipinda rimu zenyewe. Alimwambia mama kwamba ni mwendo mfupi uliobaki. Kwa hiyo ule mgongo ambao gari zima lilinunuliwa kwa ajili yake, ukashuka na kupanda mlima kwa miguu.

Namsifu na watu wa nyumbani walishuka kuwapokea pale pale garini. Elifadhili akapitisha mguu chini ya buti, nalo likajifungua lenyewe, likapanda taratibu mpaka juu. Watoto wakashangilia. Wakaomba alifunge tena alifungue tena. Katikati ya buti lile kubwa palikuwa na chungu kimoja kilichofungwa kwa khanga. Namkunda akakitoa mwenyewe, akakikumbatia. Mwanawe alitaka kumpokea, mama akageuza bega. Akaanza kupanda, Namsifu amemshika kiwiko.

Elifadhili alibaki nyuma kidogo kwa sababu wanaume walikuwa wamelizunguka gari, polepole, mikono nyuma. Walimpa pole ya msiba. Kisha mmoja akamuuliza linakwenda umbali gani kwa chaji moja. Naye akajibu, na sauti yake ikapanda alipokuwa akijibu, na wakalisifu kila alipogusa. Picha ile aliyoiona miezi yote ilikuwa imekuja nzima nzima mbele yake, haikupungua kitu. Alijichukia siku ile kwa kuwa iliendelea kumfurahisha.

Alipofika juu alimkuta mama yake barazani, amekaa kwenye kigoda cha dada yake, chungu mapajani, anatazama njia. Udongo wa kaburi pembeni ya migomba ulikuwa bado mbichi. Namsifu alimweleza kwamba marehemu alikaa pale mpaka jioni yake ya mwisho. Hata ukungu ulipofunga na njia isionekane, alikataa kuingia ndani, akionyesha kwa kidole kule chini kwamba mdogo wake yuko njiani. Namsifu alieleza bila hasira yoyote. Elifadhili angependa awe na hasira, ili yeye apate pa kujitetea.

Usiku huo Namkunda alipika makande katika chungu cha mama yake, kwenye mafiga ya dada yake, akawapakulia watoto wa Namsifu. Asubuhi alimwambia mwanawe kwamba yeye harudi. Chungu kimefika nyumbani, naye atabaki nacho. Hakumlaumu wala hakumlilia. Elifadhili akateremka mpaka garini, akafungua mlango wa nyuma, akasimama ameushika, akitazama juu kilimani kwa muda. Hakuna aliyeshuka. Akaufunga, akaondoka.

Alilichaji njiani, nalo likaenda vizuri safari nzima, bila sauti. Aliingia Dar jioni, akalisimamisha mbele ya nyumba yake na kulizima. Ndipo likalia mlio mdogo, skrini ikawaka, na sauti laini ya kike, kwa lugha ya kigeni, ikamkumbusha atazame kiti cha nyuma, kwa maana huenda amemsahau mtu.

Akageuka, akatazama. Kitenge cha mama yake kilikuwa bado kimetandikwa juu ya ngozi, kimenyooka.

Nanyi mnaowaambia wenu wangoje kidogo, kwamba mnawaandalia kilicho bora zaidi: hicho mnachokiandaa, aliyekiomba ni nani?