Effendi Ridhwani na Mrushaji wa Kibumba

Kitu kikiingia mvunguni mwa kitanda hakijali cheo cha anayekitafuta. Awe mnyonge au mwenye enzi, ataupinda mgongo ndipo akipate. Mzee Ridhwani wa Goma alilielewa neno hili akiwa na mvi hadi kwenye nyusi.

Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Maniema, Kongo, waliohamia Uganda. Huko, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kijana Ridhwani aliingia jeshi la Waingereza, akapanda hadi kuwa effendi, cheo cha ofisa ambacho Waafrika wachache mno walikipata. Siku moja timu ya kriketi ya maofisa ilipungukiwa na mchezaji, akaitwa kuziba pengo. Alishika gongo, akaupiga mpira ukaruka juu ya paa la bwalo la maofisa! Tangu hapo hakuachwa nje tena. Baada ya uhuru alirudi Kongo kupitia mpaka wa Bunagana, akafungua duka la vitenge mjini Goma. Sare ya jeshi aliivua. Kiburi cha jeshi hakukivua. Alitembea wima kama mlingoti, na neno "samahani" lilikuwa mwiba kooni mwake.

Mjukuu wake Ramla na wenzake walipoanzisha timu ya kriketi ya wasichana, yeye ndiye aliyewafundisha, na furaha ikamrudishia ujana. Nyota wa timu alikuwa Umwiza, binti wa wakulima wa kijiji cha Kibumba. Mpira ukimtoka mkononi, ulikwenda kama radi. Lakini siku moja mazoezini mkono wake ulikataa kutii, na mzee akamfokea mbele ya umati wa watazamaji.

"Wewe mutoto, rudi kwenu ukachunge mbuzi! Kriketi haiko ya watu wa mashamba!"

Umwiza aliuweka mpira chini, akaenda zake pasipo kugeuka nyuma.

Haukupita muda, habari zikafika: timu ya Bukavu itakuja kucheza Munigi, nje kidogo ya Goma, Jumamosi, na mshindi atakwenda Kampala kwenye mashindano makubwa. Wasichana waliruka kwa shangwe, kisha wakatazamana.

"Babu, bila Umwiza tutachapwa," Ramla alisema. "Uende umuombe pardon."

"Mimi? Effendi amuombe mutoto pardon?"

"Basi Kampala tutaiona kwenye televisheni tu."

Mzee alinuna kutwa nzima. Kulipokucha alipanda pikipiki hadi Kibumba, suruali yake imepigwa pasi ikanyooka kama upanga. Alimkuta Umwiza na mama yake, Nyiransengimana, wakivuna viazi. Mama hakuinuka.

"Karibu, muzee. Kama uko na neno kwa mutoto wangu, sema. Lakini mvua iko karibu. Sisi hatusimame."

Mzee aliyatazama mawingu, akaitazama suruali yake. Kisha akapiga magoti kwenye udongo mweusi, akaanza kung'oa viazi. Wakavuna hadi mwisho wa tuta.

"Umwiza," alisema hatimaye, "nilikutukana. Nilikosea. Unisamehe, mwanangu."

Umwiza alipangusa mikono. "Ulinitukana mbele ya watu, muzee. Mbele ya watu utasema hivi?"

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Nitasema."

Jumamosi watu walifurika Munigi, wengine wamepanda juu ya mawe ya volkano. Kabla ya mechi, Mzee Ridhwani aliingia katikati ya uwanja, akavua kofia, akatangaza kosa lake kwa sauti ile ile ya kambini. Wako waliocheka. Hakuwajali.

Mchezo ukaanza, na lo! ulikuwa moto. Goma walipiga, Bukavu wakajibu. Nahodha wa Bukavu, Murhula, aliutwanga mpira kama atwangaye sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kinu, hadi ukabaki mrusho mmoja tu, na Bukavu wakihitaji mikimbio miwili, yaani alama mbili, kushinda. Watu walisimama. Hata wauza maandazi walisahau maandazi yao. Ramla alimkabidhi Umwiza mpira.

Umwiza alivuta pumzi, akakimbia, akarusha. Mpira uligusa ardhi, ukachapuka, ukapenya chini ya gongo la Murhula. Vijiti vitatu alivyokuwa akivilinda vikaruka hewani: Murhula ametolewa, Goma wameshinda!

Uwanja ulilipuka kwa vifijo na vigelegele. Wasichana walimbeba Umwiza juu kwa juu, wakaanguka naye, wakainuka wakicheka. Murhula mwenyewe alikuja kumkumbatia. Kisha Mzee Ridhwani akapenya katikati yao, akasimama mbele ya binti wa Kibumba, akagonganisha visigino na kumpigia saluti, kama alivyowapigia wakubwa wake enzi zile. Umwiza aliipokea kwa saluti yake, machozi yakimlengalenga, na umati ukapiga kelele upya.

Kampala ilikuwa yao. Hawakupewa na cheo cha mzee wala sauti yake kali, bali na magoti yaliyokubali udongo. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.