Jeneza Lililotoka Mlangoni kwa Bibi Juwairiya

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye hakika ya yaliyopita, kwamba katika mji mmoja wa Khorasani palikuwa na kadhi aliyeitwa Mundhiri, mtu asiyekubali kwamba mvua imenyesha mpaka aguse ukuta. Kila mwisho wa mwaka aliwasomea waumini msikitini majina ya watu mashuhuri waliofariki mwaka huo, ili waombewe rehema. Hakuingiza jina ila kwa mashahidi wawili waadilifu.

Mwaka huo jina la kwanza lilikuwa la Bibi Juwairiya, mwanachuoni wa hadithi, aliyewalea na kuwasomesha mabinti mayatima katika nyumba ya wakfu. Sharti la wakfu lilisema nyumba ni yake maadamu yu hai. Akifa, irudi kwa ukoo wa aliyeiweka. Ukoo ulikwishatia kufuli mlangoni, na kadhi alikwishaahidi kuwakabidhi nyumba majina yakishasomwa.

Siku moja kabla ya majina kusomwa, bibi mzee aliyejitanda ushungi akaingia barazani kwa kadhi, akitembelea mkongojo.

"Assalamu alaikum, ewe kadhi. Mimi ni Juwairiya. Nasikia kesho nitaombewa rehema."

Baraza zima likageuka kumtazama.

"Wa alaikumu salaam, mama," akasema kadhi. "Mashahidi wawili wameapa kwamba Juwairiya amezikwa. Wewe una nani?"

"Nina pumzi."

"Pumzi ni ushahidi kwamba mtu yu hai. Haisemi ni nani."

Bibi akacheka hadi akashika ubavu. "Naam, wewe ndiye Mundhiri niliyesikia habari zake. Basi waulize, mwanangu, waliona uso wa nani?"

Mashahidi wakaitwa. Walikuwa watu wakweli. Waliona jeneza likitoka mlangoni kwa Bibi, limefunikwa nguo kama ilivyo ada ya majeneza ya wanawake, wakalisalia, wakazika. Uso hawakuuona, wala haikuwa halali yao kuuona. Ndipo kadhi akawaita wanawake wawili waosha maiti, ambao hakuna aliyekuwa amewauliza neno.

"Tulimwosha Warda, msokota sufi," wakasema, "mgeni aliyeugulia kwa Bibi. Na huyu hapa, Bibi Juwairiya mwenyewe, ndiye aliyetumiminia maji."

"Kisha nikaenda na mabinti zangu kumpa pole mama yake, mbali huko," akasema Bibi. "Tumerudi, tukakuta kufuli la watu."

Mkubwa wa ule ukoo, aliyekuwapo barazani, akamwinamia kadhi sikioni. "Ukijirudi kesho, mji utasema hukumu zako ni za kubahatisha."

Kadhi akahisi uso wake ukiwaka moto, maana jina lake la uhakika ndilo mali pekee aliyoionea fahari.

"Na waseme," akajibu. "Safari hii watakuwa na ushahidi. Kafungueni mlango."

Bibi hakuondoka. "Mji mzima uliomba dua kwa jina langu. Warda naye?"

"Mwenyezi Mungu hahitaji mashahidi, mama. Amjua aliyekuwa ndani ya jeneza."

"Naye ndiye Mwenye kujua. Lakini watu je?"

Kesho yake kadhi akasimama, akaeleza kosa lake bila kulipunguza, kisha akasoma jina la kwanza la waliofariki mwaka ule: Warda, msokota sufi. Waumini wakaitikia, na upande wa wanawake sauti moja ya kizee ikazipita zote kwa amina, yenye furaha kama ya mtu wa harusini.

Enyi ndugu, wengi wetu tukipewa heshima isiyo yetu huiacha ikae. Mola atujaalie moyo wa kuipeleka kwa mwenyewe.