Kopo la Umeme

Somoe aligawa matumizi ya nyumba yake kwenye makopo: la unga, la sukari, la umeme. Mwezi huo kopo la umeme lilimeza la sukari, wanawe wakanywa chai chungu kama dawa. Akamwendea mwenye nyumba, Mzee Mchopa, ambaye walitumia naye mita moja.

"Mzee, mimi nina taa moja. Wewe una majokofu matatu ya kuuza barafu. Mbona tunalipa nusu kwa nusu?"

"Nyumba yangu, sheria yangu. Uwashe taa, uwashe jua, nusu kwa nusu!"

"Hata jua?"

"Hata jua!"

"Hebu yarudie mbele ya majirani, mzee wangu, nisije nikasahau."

Mzee akayarudia kwa madaha.

Kesho yake asubuhi umeme ulipungua nguvu, majokofu yakazima, barafu ikatiririka hadi barazani. Mzee Mchopa akakimbilia chumbani kwa Somoe. Kati ya kitanda na kabati, kaka yake Somoe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akirusha cheche hadi darini.

"Nini hiki?"

"Jua, mzee."

"Utaniua! Nakununulia mita yako leo hii!"

"Nashukuru. Ila vumilia kidogo, kaka anamalizia geti lako, lile ulilomlalia bei."