Kwa Nini Mfinga Huuliza, "Kimekaa?"

Zamani, kabla setilaiti hazijaonekana huko, anga la kijiji cha Mfinga lilikuwa na nyota za aina mbili: zinazokaa na zinazoanguka. Hapakuwa na nyota inayotembea.

Wakati huo mbegu za vuli hazikutiwa ardhini mpaka Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kionekane mashariki baada ya jua kuzama. Aliyekitazama alikuwa Nakijwa, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mwiko ulikuwa mmoja: nyota ikianguka wakati wa kutazama, jioni hiyo imeharibika, watu warudi nyumbani na vikapu vyao vya mbegu. Ilitokea mara chache, na hakuna aliyelalamika.

Kisha setilaiti zikaanza kupita. Kwanza moja moja, baadaye kwa msafara kama siafu, na saa yao ilikuwa ile ile ya baada ya jua kuzama. Mtu akiona nuru inasogea alipaza sauti kwamba imeanguka, na Nakijwa akakunja mkeka wake. Jioni ikaharibika, na iliyofuata, na nyingine tena. Mvua ya kwanza ilikwisha kunyesha. Udongo ukaanza kukauka, na kila mtu alijua kuwa mbegu ikichelewa, kiangazi kitayakuta mahindi yana mbelewele tu, bila punje.

Shemeji yake Nakijwa, Sekiete, alikuja na jembe begani. Alisema kesho yeye anapanda, mwiko na ubaki na wenyewe.

"Shemeji, nyota zako zimeota miguu," alimwambia. "Tukingoja zichoke, tutakula huo mkeka."

Watu walicheka. Nakijwa alimtaka arudie.

"Nimesema zimeota miguu," Sekiete akajibu, sasa kwa sauti ya chini.

"Basi hazianguki. Baba alikataza inayoanguka. Inayotembea ni mpita njia, hainihusu."

Jioni hiyo aliagiza mchi wa kinu, akausimika ardhini, akakaa nyuma yake na kuegemeza kichwa ukutani mwa nyumba kisicheze, aone kwa ncha ya mchi kipi kinasogea na kipi kinakaa. Nuru moja ilifika kwenye ncha ya mchi, ikapita. Ya pili ikapita. Wingu la mashariki lilipoachia, vinyota vya Kilimia vilitokea juu ya ncha, na alipomaliza kuvuta pumzi ndefu vilikuwa pale pale. Watu wakauliza kama Kilimia nacho kimepita.

"Kimekaa," alisema. Walipanda alfajiri.

Na tangu mwaka ule, mtazamaji wa Mfinga hukaa nyuma ya mchi, na wapandaji hawamuulizi kama kimeonekana, humuuliza kama kimekaa. Wapita njia wamezidi, hivyo jibu huchelewa.

Vuli iliyopita aliyetazama alikuwa Namkunda, binti wa Nakijwa. Waliuliza mara tatu, naye akaendelea kuitazama ncha ya mchi. Walipouliza tena alisema, "Kimekaa." Kulipokucha, Sekiete ndiye aliyetangulia shambani.