Mshona Madera na Bando la Sultani

Palikuwa na sultani aliyemiliki kila mnara wa simu mjini mwake. Jina lake Sultani Sharafu. Siku moja akatoa amri: kila mwenye simu anunue bando lake la mwezi, "lisilo na kikomo". Atakayelalamika, simu yake itatwaliwa.

Watu wakanunua. Wangefanyaje?

Alikuwapo mshona madera, Mwanamize, maskini wa kutupwa, lakini ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Wateja aliwapata simuni: hushona, hupiga picha, hutuma, dera hununuliwa. Siku tatu za mwanzo picha ziliruka kama panzi. Siku ya nne, picha iliyotumwa asubuhi ilifika adhuhuri ikiwa shingo tu.

"Shoga," mteja akauliza, "nimeona kola. Dera liko wapi?" Akanunua kwingine.

Mwanamize akalalamika sokoni, watu wakacheka. Kabla hawajamaliza kucheka, askari wakamfikisha barazani.

"Ni wewe unayesema bando langu lina kikomo?" Sultani akanguruma.

"Sikusema hivyo, Mtukufu. Nimesema linakwenda kama konokono mwenye mimba."

Wazee wa baraza wakakohoa kuficha cheko.

"Limekatika?"

"Halijakatika."

"Basi liko hai!"

"Liko hai, Mtukufu, ila mahututi."

"Niliahidi halitakwisha. Sikuahidi litakimbia! Mbona siku tatu za mwanzo ulinyamaza?"

"Siku zile nilikuwa nashona, Mtukufu. Sasa nauguza."

"Weka simu hapa! Uage, uende zako!"

Mwanamize akaitazama simu yake. Bila hiyo, cherehani ingebaki ya kuwekea vikombe. Akaiweka juu ya zulia.

Sasa, desturi ya baraza lile ilikuwa hivi: haondoki mtu bila kumwombea Sultani umri mrefu, na wazee huitikia, hata waliosinzia. Mwanamize akainua mikono.

"Ewe Mola, mpe Sultani wetu umri usio na kikomo!"

"Amin!"

"Uwe kama bando lake! Siku tatu akimbie. Zilizobaki, kijiko kitoke sahanini asubuhi, kifike mdomoni magharibi!"

"Amin!" wakaitikia wazee kwa mazoea, tena kwa sauti moja.

Sultani akaruka kitini, kilemba upande.

"Ifute! Ifute dua hiyo sasa hivi!"

"Unaogopa nini, Mtukufu?" akasema Mwanamize. "Kufa hufi."