Ruhama Alivyoitika Jina Lisilo Lake

Imepokewa kutoka kwa waja wema waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasit aliishi mjane mchamungu aitwaye Ruhama binti Asad, mfumaji wa mablanketi. Saumu za sunna alifunga na mayatima aliwalisha, lakini habari ya kuolewa tena hakutaka hata kuisikia. Majirani walipomwuliza sababu, aliwaambia:

"Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Maisha yake yote aliniuliza chumvi iko wapi, nayo iko mbele yake. Sasa namwabudu Mola wangu bila kuulizwa chumvi."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Wachumba walikuja hata hivyo, na kila mmoja alijisifu. Ruhama, akiwa nyuma ya pazia, alikuwa akimwambia kaka yake Mundhir: "Mwambie bwana huyu amekamilika mno. Mimi nitamfaa kwa lipi?"

Ikawa siku moja akaja Yazid, mshonaji wa viriba vya maji, naye alikuwa amefiwa na mkewe. Mundhir akamwuliza ana sifa gani. Yazid akainamisha kichwa.

"Sifa sina za kutaja," akasema. "Nakoroma. Nikiudhika nanuna kutwa nzima. Tena marehemu mke wangu Lubaba bado nampenda, wala siwezi kuwadanganya kwamba nimemsahau."

Mundhir akakunja uso, akiona posa imekwisha kuharibika. Lakini nyuma ya pazia Ruhama alikuwa ameacha kufuma.

"Kaka yangu," akaita, "huyu anaishuhudia nafsi yake kwa haki. Hebu muulize kama chumvi huwa anaiona."

"Mara nyingine," akajibu Yazid.

Wakaoana kwa radhi za Mungu. Alikoroma kweli, na kununa alinuna kweli, na Ruhama akawaambia majirani kwamba walau hakudanganywa.

Kisha Yazid akashikwa na homa kali. Ruhama hakubanduka kitandani pake, akimkanda kwa kitambaa cha maji. Homa ilipopanda, mgonjwa alifumbua macho, akamtazama mkewe usoni, akasema: "Lubaba, nina kiu."

Ruhama akaganda. Maneno makali yakamjia ulimini, na kwake yeye maneno hayakuwahi kuchelewa. Alitaka kusema: Lubaba hayupo, anayekuuguza ni mimi. Akaitazama midomo ya mumewe, imekauka na kupasuka.

"Labeka," akaitika. Akamwinua kichwa, akamnywesha.

Aliitwa hivyo mara ngapi kabla ya homa kushuka, Mungu ndiye ajuaye. Kila alipoitwa aliitika.

Mwenyezi Mungu alipomjaalia afya, Yazid alisema kwa haya: "Nimeota Lubaba akiniuguza."

Ruhama angeweza kunyamaza, na ndoto ikabaki ndoto. Lakini mtu huyu alikuja kumposa kwa ukweli, naye hakuona vyema kumlipa kwa kumficha.

"Haikuwa ndoto, bwana wangu. Uliniita kwa jina lake, nami nikaitika."

Yazid akafunika uso kwa viganja. "Nisamehe. Uliumia?"

"Niliumia sana. Lakini ulikuwa na kiu, na maji yalikuwa mkononi mwangu."

Akalia, na Ruhama akamfuta machozi kwa ncha ya ushungi wake. Tangu hapo wakawa wakimwombea Lubaba rehema pamoja, kila baada ya sala. Na wanawake walipomjia kutaka maneno ya kuchekesha, Ruhama hakuwanyima. "Ndoa ni taabu tupu, jirani zangu," aliwaambia. "Sasa niondokeeni, bwana yu karibu kurudi."

Enyi ndugu katika imani, kila mmoja wetu hutamani kuukuta moyo wa mwenzake mtupu, aingie yeye peke yake. Bibi huyu aliukuta una mtu, akabisha hodi kwa adabu, akaingia, akakaa. Mola awarehemu wote watatu, na atujaalie subira ya namna hiyo majumbani mwetu.