Mji Uliojifunika Midomo

Sogeeni, wenzangu, niwasimulie mdomo ningali nao.

Palikuwa na binti, Mwanashehe, katika mji ambamo watu hujiziba midomo kwa leso wapishanapo na punda wa maji, eti vumbi. Siku ya kwanza alimwona Bwana Kombo akimchapa punda wake juu ya kidonda. Akanyamaza. Kufika nyumbani, mdomo wake umesinyaa kama tundu la kifungo! Siku ya pili akanyamaza tena. Ukabaki tundu la sindano.

Siku ya tatu punda alipiga magoti chini ya madumu sita. Mwanashehe akalazimisha sauti ipenye: "Bwana Kombo, mtue! Kidonda hicho hukioni?"

Papo hapo mdomo ukafunguka.

Bwana Kombo akacheka. "Mji mzima kimya, wewe kitoto ndiwe msemaji?"

Mwanashehe akawageukia majirani waliosimama na leso midomoni. "Mama zangu, semeni nanyi!"

Wakashusha leso. Chini ya pua zao palikuwa na ngozi tupu, laini kama yai.

Lakini mikono walikuwa nayo. Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akateremsha dumu, na fimbo ya Bwana Kombo ikabaki hewani.

Ngano yangu naitua hapo.